Picha ya bibi kwa mwanga wa dirisha na rangi ya sepia: mbona uso unatoka kama tope?

Mkaazi_Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Kuna kazi ya picha ya bibi wa miaka themanini na kitu, ya kutundikwa ukumbini kwenye fremu ya A3. Aila inataka picha ya gizagiza, mwanga uingie upande mmoja tu wa uso, na rangi iwe hudhurungi kama picha za zamani. Nyumba ni ya mawe, Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa ya kwanza. Chumba ni mita nne kwa tatu, kuta zimepakwa kijani kilichokoza hadi usawa wa kifua. Dirisha ni moja tu, refu, la mbao, linatazama kusini. Mbele yake uchochoro, halafu ukuta wa jirani wa chokaa.

Vifaa: Canon ya sensa ndogo ya APS-C, megapikseli 24, lenzi ya 50mm f/1.8, stendi ya miguu mitatu, na taa moja ya LED ya wati 12. Fleshi hakuna.

Majaribio yametoka hivi: shavu la upande wa dirisha limeungua, shavu la pili ni weusi mtupu, na kichujio cha sepia kinageuza picha nzima kuwa rangi moja ya chai ya maziwa. Ngozi, kanga na ukuta havitofautiani. Bibi atavaa kisutu, na hilo hana mjadala nalo. Mikononi ana hina, na aila inataka ionekane.

Mwanga upangwe vipi, sepia itiwe vipi uso usizame, na dukani mchapaji aambiwe nini?

---

KivuliCheupe

Waalaykumu ssalaam. Iweke sepia pembeni kwanza. Umbo la uso hutengenezwa na mwanga. Rangi huja kulipaka umbo lililokwisha kusimama. Kichujio kinamwaga rangi ileile kwa nguvu ileile juu ya kila kitu, na kama chini yake hamna ngazi za mwanga na kivuli, chai ya maziwa ndiyo itakayotoka.

Dirisha lako ni zuri, ila inategemea mwezi. Mafunzo mengi ya picha yameandikwa Ulaya na Marekani, na huko wanaambiana watafute dirisha la kaskazini. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, hesabu yetu ni nyingine. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba liko kaskazini yetu mchana kutwa, kwa hiyo dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja. Katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari mambo yanageuka: jua linaingia kwa kusini, na dirisha tulivu ni la kaskazini. Ukipiga miezi hiyo, tungika bafta nyeupe dirishani, tabaka moja, ivutwe isiwe na mikunjo.

Uangalie na ule ukuta wa jirani. Wakati jua liko kaskazini, uso wa ukuta huo unaotazama dirisha lako ndio unaopigwa na jua, na chokaa inaurudisha mwanga kwako. Hiyo ni riflekta ya bure ya mita kadhaa, lakini haitulii. Jua likiugusa ukuta, dirisha linawaka ghafla na kipimo ulichokwishapanga hakifai tena. Chagua saa ambayo ukuta wote uko kivulini au wote uko juani, usipige katika ile nusu saa mpaka wa jua unapotembea juu yake. Kaa chumbani siku moja kabla, andika saa.

Sasa kiti. Kiweke mita moja hadi mita na robo kutoka dirishani. Chini ya nusu mita, shavu la karibu linapata mwanga mwingi mno kuliko pua na sikio la pili, na huko ndiko kuungua kwako kulikotoka, mbali na kipimo cha kamera ambacho nitakigusa. Bibi asilitazame dirisha, wala asikae nalo bega kwa bega. Mwili uelekee ndani ya chumba, uso urudi kidogo kidogo kuelekea dirishani mpaka kwenye shavu la gizani itokee pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Huo ndio mwanga unaoitwa wa Rembrandt. Pembetatu isiwe pana kuliko jicho wala ndefu kuliko pua. Kivuli cha pua kikikutana na kivuli cha shavu, umefika. Kisipokutana nacho, mgeuze kidogo tena kuelekea ndani.

Pembetatu haitatokea kama mwanga unakuja usawa wa kifua. Dirisha refu linatia mwanga hadi chini ya kidevu, na uso unakosa uzito. Kama mbao za juu na za chini zinafunguka mbalimbali, funga za chini. Kama hazifunguki hivyo, ziba nusu ya chini kwa kaniki. Unataka mwanga ushuke kwa mshazari wa kama nyuzi 45.

Lakini bibi amejitanda. Ukingo wa kanga ukija mbele ya paji la uso, mwanga wa juu unatupa kivuli juu ya macho yote mawili na macho yanakufa. Muombe arudishe ukingo nyuma upana wa vidole viwili, au ainue kidevu kidogo sana. Kabla ya kubonyeza angalia macho: kila jicho liwe na nukta ya mwanga. Jicho la gizani likikosa nukta, picha haijawa tayari, hata kama vingine vyote vimekaa sawa.

Shavu la gizani. Kuta za kijani kilichokoza zinameza mwanga, ndiyo maana umepata weusi mtupu. Weka ubao mweupe wa foma, au shuka nyeupe kwenye kamba, upande wa giza, mita moja kutoka usoni, kisha usogeze huku unapima. Kamera iwe kwenye kipimo cha nukta (spot), kinachopima sehemu ndogo tu ya picha. Pima shavu la mwanga, pima la giza. Kwa picha ya kutundikwa, tofauti iwe stopu mbili (kila stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Stopu moja ni picha ya pasipoti. Tatu inapendeza kwenye skrini, ila karatasi itakunyang'anya hiyo ya tatu na upande mmoja wa uso utapotea. Usitumie sinia. Linang'aa kama kioo, linatupa vipande vya mwanga shavuni, na ngozi yenye mafuta au jasho inavionyesha mara mbili.

Nyuma yake tungika kaniki, mita moja na nusu kutoka mgongoni. Mahameli nyeusi ni bora zaidi, haina mng'aro kabisa. Kitambaa cha buibui usikitie, kinang'aa na kila mkunjo utaonekana.

Tundu la lenzi weka f/2.8 hadi f/4. Kwa 50mm kwenye sensa yako, ukisimama mita 1.8, f/1.8 inakupa kina cha ukali cha kama sentimita 9 tu, f/2.8 kama 14, f/4 kama 20. Kichwa kimegeuka, kwa hiyo f/1.8 itakupa jicho moja kali na jingine la ukungu. Lenga jicho la karibu na kamera. Kasi ya shata 1/100 au zaidi, kwa sababu stendi inaituliza kamera, haimtulizi mtu, na mtu mzima akikaa wima anayumba kidogo bila kujua. ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, panda tu hadi 800 au 1600 kama inabidi. Chengachenga kidogo hazina ubaya kwenye picha ya sepia. Jicho lililotikisika halina dawa.

Na usiiachie kamera ipime yenyewe. Ikiona kaniki kila pembe inadhani chumba ni cheusi mno, inaongeza mwanga, shavu linaungua. Panga mwenyewe kwa mkono (M), upime shavu la mwanga, na upunguze stopu moja ili kivuli kiwe kizito tangu mwanzo.

---

Fundi_Chake

KivuliCheupe amemaliza karibu yote, ila hapo mwisho sikubaliani naye. Usipunguze stopu nzima wakati wa kupiga, khasa kwa ngozi nyeusi. Shavu lenye mwanga la mtu mweusi ukilipima kwa nukta na kuliacha kwenye sifuri ya kipimo cha kamera, tayari liko pahala pake au limezidi kidogo tu. Ukishusha stopu moja, la gizani linaangukia chini kabisa, na baadaye ukijaribu kulinyanyua linakuja na chengachenga na mistari. Piga faili la RAW (faili ghafi la kamera), uweke sifuri au theluthi moja ya stopu chini, uangalie histogramu, ule mchoro wa ngazi za mwanga, upande wa kulia usigonge ukuta, halafu giza ulitie kwenye kompyuta. Kushusha mwanga uliopo ni rahisi na hakuharibu kitu. Mwanga ambao kamera haikuupata huwezi kuutoa popote.

Kinachohitaji kulindwa ni mng'aro wa paji la uso na ncha ya pua. Hizo zikiungua, sepia inazigeuza kuwa madoa ya krimu yasiyo na ngozi ndani yake. Kitambaa kikavu cha pamba, apanguswe kwa kugusagusa, si kusugua. Poda nyeupe usithubutu, kwenye picha isiyo na rangi inaonekana kama majivu.

Kuhusu sepia yenyewe, inafaa kujua ilikuwa nini kabla haijawa kitufe. Neno limetoka kwenye jina la dome, yule wa baharini, kwa sababu wachoraji walitumia wino wake wa hudhurungi. Kwenye picha lakini hakukuwa na wino wa dome. Picha ya nyeusi na nyeupe ni chembe za fedha. Ilitiwa kwanza kwenye dawa ya kuipausha, ferisianidi ya potasiamu pamoja na bromidi, kisha ikaoshwa na kutiwa kwenye dawa ya salfaidi yenye harufu ya yai viza. Fedha ikageuka kuwa salfaidi ya fedha, ambayo ni ya hudhurungi na hudumu kuliko fedha tupu. Kwa hiyo ilikuwa ni njia ya kuihifadhi picha, si mapambo peke yake.

Faida yake kwako ni hii. Dawa ya kupausha inaanza kula sehemu za mwanga, kwa kuwa huko fedha ni chache. Vivuli vizito vinakawia. Wachapaji wengi waliitoa picha mapema, kwa hiyo mwanga na sehemu za kati zikawa hudhurungi na vivuli vikabaki karibu na weusi. Jicho linapoona hivyo linasema "picha halisi". Kichujio cha simu kinapaka na vivuli vilevile, na hapo ndipo tope linapotoka.

Na usichanganye sepia na umanjano wa uzee. Picha nyingi za karne ya 19, zikiwemo za studio za hapa Unguja, zilichapwa kwenye karatasi ya ute wa yai, njia aliyoitangaza Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850. Karatasi ile hugeuka manjano kwa miaka, na sehemu nyeupe ndizo zinazochafuka zaidi. Huo ni ugonjwa wa picha. Ukiuiga, bibi ataonekana ana homa ya manjano. Kama uko mjini, pita Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, studio iliyoanza 1930, utazame picha zao za nyeusi na nyeupe kwa karibu: angalia weusi wa macho, weupe wa kanzu, na ngazi ngapi zimo katikati ya hivyo viwili. Ngazi hizo ndizo unazozitafuta kabla ya rangi yoyote.

---

BintiMkunazini

Mimi nitashika kisutu na hina, maana hapo ndipo picha za wanawake wa kwetu zinapoharibika na watu hawajui kwa nini.

Unapoigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, programu inauliza kila rangi iwe nyepesi au nzito kiasi gani. Lightroom, programu ya kuhariri picha, ina slaida nane kwa kazi hiyo, na ngozi ya watu wetu iko kwenye ya machungwa, na kidogo kwenye nyekundu. Watu wanataka uso ung'ae, wanavuta nyekundu na machungwa zote mbili juu. Matokeo: hina inafutika, kwa kuwa hina ni nyekundu ya machungwa nayo, na wekundu wa kisutu unapanda mpaka unalingana na weupe wake. Kisutu ni nguo ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi, nyeupe. Kikibaki na mbili, mtu yeyote mzima wa hapa atajua kuna kitu kimekosewa hata kama hawezi kukitaja.

Fanya hivi. Machungwa ipandishe kati ya 10 na 15. Nyekundu ishushe kati ya 15 na 25. Ngozi inapanda, hina inabaki nzito juu yake, na wekundu wa kisutu unakaa katikati ya weusi na weupe. Kipimo chako ni pindo la kanga: ikuze picha hadi asilimia 100 na uhakikishe unaziona ngazi tatu mbalimbali. Wekundu ukikaribia weusi, umeshusha mno.

Usivuke 25 kwa sababu mbili. Midomo inakuwa myeusi kama imepakwa wanja, na vijishipa vyekundu vya weupe wa macho vinatokeza. Kwa mtu mzima hilo linamfanya aonekane mgonjwa. Pia slaida mbili zilizo jirani zikiachana sana, mpaka baina yake unachanika, na unaona mabaka kwenye mashavu pahala ambapo ngozi inahama kidogo kutoka machungwa kwenda nyekundu. Ukiyaona, rudisha zote mbili kwa 5. Angekuwa na piko usingehitaji hesabu hii, piko ni nyeusi na haitoki popote. Hina ndiyo inayotaka uangalifu.

Kwa hiyo mikono iingie kwenye mwanga. Ikilala mapajani iko chini ya mstari wa dirisha uliloliziba, itazama. Apandishe mmoja, ushike ukingo wa kanga karibu na kifua, mgongo wa kiganja ukitazama dirisha kwa mshazari. Ukitazama dirisha moja kwa moja, hina inalala bapa na mng'aro wa ngozi unaifunika.

Baada ya hapo ndiyo sepia, kwa viwango tofauti kama alivyoeleza Fundi. Anzia hapa, kwenye sehemu ya kupaka rangi za mwanga, za kati na za vivuli: mwanga rangi (Hue) 42, ukolevu (Saturation) 10. Kati rangi 36, ukolevu 14. Vivuli rangi 30, ukolevu 5, si zaidi. Rangi ikipita 48 inaingia manjano, chini ya 28 inaingia wekundu wa tofali. Kisha kwenye mstari wa toni (Tone Curve) nyanyua ncha ya chini kidogo, weusi uanzie 8 au 10 badala ya sifuri, na ushushe ncha ya juu mpaka 245. Hapo weusi unakuwa na joto na weupe unakuwa wa krimu bila kuupaka.

Ukitumia Photoshop, njia fupi ni ramani ya mchirizi wa rangi (Gradient Map) juu ya picha iliyokwisha kuwa nyeusi na nyeupe: kwa namba za RGB, upande wa giza 18, 13, 9, upande wa mwanga 248, 240, 226. Punguza nguvu ya tabaka hadi asilimia 60 au 70.

Mwisho uache, usiitazame mpaka kesho yake. Jicho linaizoea hudhurungi baada ya dakika chache na unaendelea kuikoleza bila kujua. Kesho ukiifungua kando ya nakala ya nyeusi na nyeupe, utapunguza.

Na ndugu yangu, picha hii ni ya ukumbini kwao. Kuiweka mtandaoni kama mfano wa kazi ni ruhusa ya bibi mwenyewe, si ya mjukuu aliyekulipa.

---

Mkaazi_Malindi

Ahsanteni sana, Maalim KivuliCheupe, Fundi, na dada BintiMkunazini. Ruhusa nimeielewa, haitatoka ndani ya aila.

Mawili yamebaki. Siku ikiwa ya mvua na chumba kikawa giza mno, ile taa ya LED ifanyweje? Na wajukuu wanataka wapige na simu pembeni, simu zao zinatoa kivuli chote, uso unakuwa mweupe pande zote. Kuna namna?

---

KivuliCheupe

Fundi yuko sawa kwa ngozi nyeusi, fuata sifuri yake.

Taa: usiichanganye na dirisha, funga dirisha utumie taa peke yake. Balbu tupu ni nukta ndogo, inatoa vivuli vikali kama vya wembe na kila mstari wa uso unachimbika. Iweke nyuma ya bafta iliyotandazwa kwenye fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, balbu iwe nusu mita au zaidi nyuma ya kitambaa ili ikijaze chote. Kitambaa kikae sentimita 60 kutoka usoni, juu kidogo ya kichwa, upande uleule wa dirisha. Umbali ndio unaotengeneza giza la nyuma: mwanga ukienda mara nne ya umbali, unabaki sehemu moja ya kumi na sita, yaani stopu nne chini. Uso uko sentimita 60, kaniki ikiwa mita 2.4 kutoka kwenye kitambaa, itazama yenyewe. Hesabu hiyo ni ya taa ndogo. Kwa kitambaa kipana giza litapungua kiasi, lakini utaona inavyokwenda. Bafta inakula mwanga mwingi, kwa hiyo tegemea ISO 1600 hadi 3200.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na LED nyingi za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Piga 1/50 au 1/100 tu. Ukienda 1/125 au 1/200 utapata mistari ya giza imelala juu ya picha, mara juu mara chini, na hakuna programu itakayoisafisha vizuri usoni. Kwa mtu mzima chukua 1/100.

Chumba kikiwa na kiyoyozi, kamera usiitoe kule ukaipeleka kwenye chumba cha joto na kuanza kupiga papo hapo. Unyevu unaganda kwenye kioo cha mbele, weusi wote unageuka kijivu, na mtu anadhani lenzi mbovu. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30.

Simu: inachanganya picha kadhaa na kunyanyua vivuli kwa makusudi, ndivyo ilivyotengenezwa. Zima HDR kama inaruhusu, zima na ule urembo wa ngozi. Bonyeza shavu la mwanga bila kuachia mpaka kipimo kifunge, halafu vuta kidole chini mpaka shavu litulie. Wasikuze kwa vidole, wasogee.

---

Meza_ya_Picha

Upande wa kuchapa, kwa sababu picha za giza zinafia hapa.

A3 ni sentimita 29.7 kwa 42. Kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Kamera ya megapikseli 24 inatoa 6000 kwa 4000, kwa hiyo ukiishika wima na kukata kwa uwiano wa A3 unabaki na 4000 kwa 5657, inatosha na chenji inabaki. Lakini ukipiga mlalo halafu ukakata wima, unabakiwa na 2828 kwa 4000, na hapo unaanza kubana. Ishike wima tangu mwanzo, na uache nafasi juu ya kichwa na pembeni, fremu inakula milimita kadhaa kila upande.

Peleka JPEG ya ubora wa juu kabisa, nafasi ya rangi sRGB. Karibu mashine zote za madukani zinaelewa hiyo. Ukipeleka Adobe RGB hudhurungi itatoka imefifia na kijanikijani.

La pili ndilo kubwa. Mashine ina marekebisho ya rangi ya kujiendesha. Ikiona picha nzima imeelemea hudhurungi inadhani ni kosa la taa, inavuta kuelekea buluu, na unapewa picha ya rangi ya saruji. Ikiona ni ya giza, inainyanyua, na kaniki yako inageuka kijivu. Mwambie fundi kwa maneno haya: "zima marekebisho yote, usiguse rangi wala mwanga." Akisema mashine yake haizimi, tafuta duka jingine. Picha hii haitaweza kupona hapo.

Usichape A3 mara moja. Tengeneza nakala tatu ndogo za 10 kwa 15: ya kwanza kama ilivyo, ya pili sehemu za kati zimenyanyuliwa kwa theluthi ya stopu, ya tatu kwa theluthi mbili. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe na karatasi inategemea mwanga wa chumba, kwa hiyo ya kwanza karibu kila mara itatoka nzito kuliko ulivyoiona. Skrini ishushe mpaka ukurasa mweupe ulingane na karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake. Hapo makisio yako yatakuwa karibu. Nakala zitazame kwenye ukumbi ule ule, usiku chini ya taa yao, kisha asubuhi. Hudhurungi ya wino wa rangi mchanganyiko inaweza kuelekea kijani chini ya taa moja na wekundu chini ya nyingine, na hili huwezi kulijua ukiwa dukani.

Karatasi chagua isiyong'aa. Ya kung'aa inaonyesha dirisha la ukumbi ndani ya sehemu za giza, na picha yako robo tatu ni giza. Lakini usichukue karatasi ya krimu juu ya sepia, joto mara mbili linakuwa manjano. Nyeupe ya kawaida.

Kwenye fremu weka kadi ya pembeni yenye unene, nyeupe isiyo kali, ili picha isiguse kioo. Kwa unyevu wetu karatasi inayogusa kioo hushikamana nacho na haibanduki nzima. Ukuta wa mawe na chokaa nao unavuta unyevu na chumvi, na fremu iliyolala bapa ukutani huota ukungu kuanzia nyuma. Gundisha vipande vinne vya mbao au mpira, unene wa sentimita moja, kwenye pembe za mgongo wa fremu, hewa ipite. Wapokee na faili la RAW na nakala iliyokamilika, kwenye vifaa viwili, kimoja kikae nyumba nyingine.

---

BintiMkunazini

Nyongeza moja tu. Msumari upigwe ukuta ambao dirisha la ukumbi liko upande uleule wa mwanga wa kwenye picha. Kama uso umepigwa mwanga kutoka kushoto, dirisha liwe kushoto kwa anayeitazama. Nenda ukautazame ukuta kabla hujapanga kiti, maana ukishapiga huwezi kuugeuza: kuigeuza picha kama kioo kutampelekea bibi mkono wa kulia kushoto na kanga itakuwa imefungwa kinyume, na watoto wake wataona.